Mlango wa Kumfikisha Mama Mfangano

Safari hii ilianza kwa kifo. Mjomba wa mke wangu, ndugu pekee wa mama mkwe wangu, alifariki kisiwani Mfangano, na mazishi yakapangwa Jumamosi. Mama mwenyewe alikuwa kwetu Migosi, hapa Kisumu, akiuguza nyonga iliyotiwa chuma baada ya kuteleza bafuni. Daktari alikataa barabara, akakataa kivuko, na alipotajiwa boti akacheka bila furaha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauambia ukuta, "Ndugu yangu hatafukiwa kabla sijamwona uso."

Aliuambia ukuta kwa sababu nilikuwa mlangoni. Ninyi wa nyumbani Nyeri mtashangaa, kwa hiyo nieleze. Kwa Wajaluo mama mkwe anaitwa maro, na heshima yake ni umbali. Sili mbele yake, sikai karibu naye, na simgusi. Tangu nimwoe Akinyi sijawahi hata kumpa mkono. Nikitaka kumwambia jambo namwambia Akinyi, Akinyi anamwambia mama yake, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Ni kama benki: taratibu, lakini hakuna anayekosewa.

Akinyi alitangulia Alhamisi kwa kivuko cha Luanda Kotieno, akapike na kulia na wenzake. Kumfikisha mama nikaachiwa mimi.

Ijumaa mchana nilikwenda uwanja wa ndege kumwona Kapteni Odhiambo, rubani anayenunua vipuri vya pikipiki dukani kwangu na ambaye hajawahi kulipa bei ninayotaja mwanzo. Siku hiyo nilikuwa mteja mimi, na akafurahi mno. Alinionyesha ndege mbili ndogo za watu binafsi anazorusha. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, mabawa yake yako chini, inang'aa kama sufuria mpya.

"Hii ndiyo rahisi," alisema.

"Rahisi kwa nani?"

"Kwa mfuko wako, Bwana."

Tulivutana. Nilimkumbusha kuhusu kabureta fulani. Yeye akanikumbusha kuhusu cheni fulani. Mwishowe alishusha bei haraka kiasi kwamba nikashuku, na mtu anayeshuku huzunguka bidhaa mara ya pili. Nikaizunguka ndege. Nikahesabu milango, nikahesabu tena. Ulikuwa mmoja tu, upande wa kulia, juu kabisa ya bawa.

"Abiria anaingiaje hapa?"

"Anapanda bawa, anainama, anashusha mguu ndani. Mimi naingia kwanza mpaka kushoto, yeye anafuata. Tukifika, yeye anashuka kwanza, mimi mwisho."

"Mama ana chuma kwenye nyonga."

Kapteni alivua miwani. "Sasa hilo ungeanza nalo, ndugu yangu. Umenipigisha kelele ya bei saa nzima, kumbe shida yako ni mlango."

Ndege ya pili ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, mabawa juu kama mwavuli. Kushoto mbele kulikuwa na mlango wa rubani. Kulia nyuma kulikuwa na mlango mpana wa vipande viwili, wa kupakia mizigo, na kizingiti chake kiko chini kiasi cha kiti cha kukalia. Hii haikupungua bei, na mimi sikuvuta sana. Nilikuwa nimeona mahali mama angepita akiwa mtu, si gunia.

Jumamosi asubuhi wanawake wa kanisa walimleta mama. Walimbeba wakiwa wanne, wakampitisha kwenye ule mlango mpana, wakamkalisha kiti cha katikati, leso mbili zimefungwa pamoja chini yake. Nilisimama mbali, nikitazama ziwa kwa bidii. Mama Sofi, jirani yetu, ndiye aliyepaswa kusafiri naye. Alipomaliza kumfunga mkanda alichungulia ndani, akatazama propela, akarudi nyuma.

"Mimi siingii."

"Mama Sofi, tulikubaliana," nilisema.

"Tulikubaliana ndege. Hii ni gari ya probox yenye mabawa. Mungu akitaka nipae, ataniita mwenyewe."

Hivyo nikaingia mimi, kwa mlango wa rubani, nikakaa mbele kulia, mgongo wangu ukimwelekea mama. Nilijiambia kwamba hata heshima imetunzwa vizuri, maana kwenye ndege ndogo huwezi kugeuka.

Baada ya kupaa, gugumaji lilikuwa limetanda chini yetu mpaka mtu angedhani ni shamba la kukodisha. Kulia ilipita pwani ya Seme, kisha Asembo Bay na vizimba vya samaki vilivyopangwa majini kama vifungo vya shati. Kapteni alinionyesha kivuko, kidogo kama kipande cha sabuni. Mara moja nilimsikia mama nyuma yetu akiimba wimbo wa kanisa polepole, akikatisha kila ndege iliporuka, akiendelea palepale alipoachia.

Mfangano ilitokea, mlima mzima ndani ya maji, na nyuma yake wingu jeusi la mvua. "Hiyo itafika alasiri mapema," Kapteni alisema. "Watazika kabla."

Alishusha vibawa, zile sehemu za nyuma ya mabawa zinazoteremka ili ndege iende pole, tukagusa nyasi. Hapo ndipo jambo lilipoharibika, na sijui nimlaumu nani. Wanawake wa boma la marehemu walikuwa wakitusubiri. Kwa desturi, mtu wa damu anapofika msibani hapokelewi kwa mkono, anapokelewa kwa mbio na kilio. Walitoka kando ya uwanja wakikimbia, mikono juu, wakimwita mama kwa jina la baba yake, moja kwa moja kuelekea propela.

Kapteni alizima kila kitu kwa pigo moja. Propela ilisimama. Wanawake wakaizunguka ndege wakilia, wakiigonga ubavuni, hai wote.

Kisha akajaribu kupandisha vibawa. Betri ikatoa sauti ya mtu anayekataa. Akajaribu tena. Kimya.

"Tatizo?" nikauliza.

"Kibawa kikiwa chini kinaziba kile kipande cha mbele cha mlango mpana. Kwa kawaida napandisha kabla ya kuzima injini." Aliwatazama wale wanawake. "Leo sikupata nafasi."

Alizunguka nje, akauvuta mlango. Ulifunguka upenyo wa kupitisha mbuzi, na mbuzi mwenyewe awe na nia. Ulibaki mlango wa rubani, mbele. Kutoka kiti cha katikati mama alipaswa kuinuliwa kwa nyuma, apitishwe juu ya kiti cha rubani kilichokunjwa, apokelewe nje.

Akinyi, aliyekuja na wale wanawake, alipanda. Alishika mguu wa mama yake, akaupima, akanitazama. "Huu mguu lazima nishike mimi, usipinde. Kapteni atapokea. Huko nyuma anatakiwa mtu, na kati ya hawa hakuna atakayethubutu kuingia."

"Tuite wanaume," nilisema.

"Wako nyumbani na jeneza. Ni mlimani kule."

Wakati huohuo sauti ya kuimba kutoka mlimani ikabadilika. Hata mimi niliijua: wimbo wa kulitoa jeneza nyumbani, kulipeleka uani kwa ibada ya mwisho. Wingu lilikuwa limekwisha kumeza kilele.

Mama alisema jambo kwa Dholuo, kwa sauti ya chini. Akinyi akatafsiri, ingawa nilikuwa nimeelewa. "Anasema upite nyuma yake. Anasema ushike leso, usimshike yeye."

"Muulize, leso ikiteleza?"

Sikupata tafsiri. Mama alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili, akitazama dirisha: "Isiteleze."

Nilijipenyeza nyuma. Nilikunja ncha za leso kwenye ngumi zangu, nikafumba macho kama mtu anayeomba, na kweli nilikuwa naomba. Akinyi akahesabu. Tuliinua. Juu ya kile kiti kilichokunjwa fundo la leso lilifunguka, nikalihisi likikimbia vidoleni, na mama akaanza kuanguka upande wa nyonga mbaya.

Nikamdaka. Mikono yangu miwili, chini ya makwapa yake, kifua changu mgongoni mwake. Tulibaki hivyo kwa muda wa pumzi moja, kisha Kapteni akampokea kwa nje, wale wanawake wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki na kuondoka naye mbio mlimani, wakiimba.

Tulipofika bomani jeneza lilikuwa uani, kifuniko bado wazi. Mchungaji alikuwa ameshika Biblia na kutazama anga. Umati ukafunguka. Walimweka mama ubavuni, akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akaweka kiganja kwenye shavu la ndugu yake.

"Asebiro," alisema. Nimefika.

Hakuna aliyemharakisha. Mvua ilianza tukiwa tunarudishia udongo, na watu wakasema ni baraka, jambo ambalo watu wenye nguo moja ya msiba husema kwa ujasiri.

Jumapili asubuhi, kabla sijaondoka, shangazi mkubwa wa boma aliniita mbele ya nyumba alimolala mama. Mlango ulikuwa wazi na mama amekaa ndani, uso upande wa pili.

"Orwa," aliniita, maana yake mkwe wetu, "tumesikia habari za ndege. Sisi ni watu wa kuuliza ili jambo lisilale. Ulimgusa mama, au hukumgusa?"

Nimefanya biashara miaka mingi. Najua kujibu swali kwa swali, najua kukohoa. Nikakohoa.

Sauti ya mama ikatoka ndani, imenyooka. "Alishika leso."

Shangazi alinitazama, akautazama mlango. "Leso," alisema. "Basi, Orwa, safari njema."

Mama na Akinyi walibaki kisiwani kumaliza matanga. Kapteni alikuwa amechaji betri kwa sola ya duka la pale kisiwani, na vibawa vilipanda bila maneno. Tulirudi Kisumu wawili, mimi na yeye, juu ya ziwa lililooshwa na mvua.

Nilichojifunza? Ukikodi ndege ndogo, acha bei kwanza. Uliza mlango uko upande gani, unaingiwa kwa kupanda au kwa kukaa, na nini lazima kipandishwe kabla haujafunguka. Na uliza mlango wa pili uko wapi, kwa sababu wa kwanza unaweza kukataa.

Nilijifunza pia kwamba mama yule ni mwepesi. Miaka yote nilimwogopa kama mtu mzito, kumbe hana uzito wa kumshinda mtoto wa shule. Lakini hilo ningelijuaje? Mimi nilishika leso.