Randa Haijafiwa

Siku moja ninayoikumbuka kuliko siku zangu nyingi ni ile tuliyomtengenezea ndugu yangu Ochieng jeneza. Sikuwa nimepanga kukusimulia, mwanangu, wewe ambaye sikukuzaa ila nimekufundisha kazi. Lakini jana nilikuona ukiranda mlango wa mteja, na randa ya umeme umeizungushia mkono wa sweta kwa sababu ilikuwa inakuchoma. Nilinyamaza, na kunyamaza si desturi yangu, Kawangware nzima inajua. Tangu urudi kutoka kumzika mama yako hujapumzika hata asubuhi moja, na kila mtu anakusifu kwa bidii. Mimi sikusifu. Keti hapo kwenye mbao unisikilize.

Wakati huo nilikuwa wa rika lako. Tuliishi na Ochieng na dada yetu Atieno kule Kibera, kijiji kinachoitwa Raila, chumba kimoja chenye pazia katikati. Ochieng ndiye aliyenitoa kwetu kando ya ziwa akanileta Nairobi, na ndiye aliyenifundisha kushika patasi. Kila asubuhi tulitembea kwa miguu hadi Kawangware, kwenye karakana hii hii ulimoketi, ambayo siku hizo ilikuwa ya Mzee Mutiso. Mzee alitoka Kitui. Alikuwa mkali, ugoro haumtoki puani, na alijisifu bila aibu kwamba hakuna mti uliowahi kumshinda. Akiwa hayupo tulimcheka. Akiwepo tulifanya kazi.

Ochieng aliugua kifua wakati wa mvua, tukadhani ni homa ya kawaida. Kufikia Jumapili alikuwa ametuacha. Nalisema kwa kifupi kwa sababu hata leo sijapata njia ndefu ya kulisema.

Desturi ya mstari wetu wa karakana unaijua. Fundi akifa, jeneza lake halinunuliwi. Mafundi huweka kando kazi za wateja, kila mmoja akatia mkono wake: huyu anapima na kukata, yule anaunga, mwingine anapaka vanishi. Na ndugu wa marehemu hashiki chombo. Anawekewa kiti, analetewa chai, anakaa tu. Mimi niliiona hiyo kuwa desturi ya kijinga. Nilimwambia Mzee Mutiso kwamba kifuniko nitakiranda mwenyewe, na mtu asinisogelee. Alipiga chafya yake ya ugoro, akasema sawa.

Kifuniko kilikuwa cha mvule. Ochieng alikuwa ameziweka mbao hizo juu ya dari ya karakana zikauke, amtengenezee mama meza. Kila alipoenda nyumbani aliahidi meza hiyo, mpaka ahadi ikawa utani wa familia. Sasa meza haingekuwepo tena, na niliona afadhali alale chini ya mbao alizozichagua kwa mkono wake. Lakini mvule si mbao laini kama saiprasi, mwanangu. Mvule unajua kukataa. Na basi la kusafirisha mwili lilikuwa linaondoka jioni ile ile. Atieno alikuwa ameshaenda Soko la Toi kumtafutia suti, na jamaa walikuwa wanatusubiri mochari. Randa ya umeme ilikuwa moja tu karakana nzima. Kama ingeungua, tungenunua jeneza la dukani lenye maua ya plastiki, na mvule wa Ochieng ungebaki darini.

Basi nikaanza kuranda, ingawa kusema kweli nilikuwa napigana. Nililalia ile mashine kwa kifua. Tangu Jumapili sikuwa nimetoa chozi. Watu waliokuja matanga kule Raila walikuwa wakisema, Ouma ni mwanaume, amejikaza, nami sifa hiyo niliipenda nikaishikilia. Kila randa ilipopunguza sauti, niliongeza nguvu. Ikaanza kunichoma kiganja. Shingoni nilikuwa nimevaa kitaulo ambacho Ochieng alikuwa akijifutia jasho, nikakivua, nikakizungusha kwenye mwili wa randa, nikaendelea. Nilijiona mwerevu, kwa kuwa joto halikunifikia tena. Na harufu ilipoanza, ile ya kitu kinachoungua ndani ya mota, nilijiambia ni mvule unaonuka.

Mzee Mutiso alikuwa nje akichagua misumari. Alinusa kabla ya kuona. Nilimwona anaingia kwa hatua ambazo sikujua bado anazo, nikawahi kuiachia swichi.

"Usizime," akasema.

Aliichukua mikononi mwangu, akaibonyeza tena kabla haijasimama. Akakivuta kile kitaulo, maranda yaliyokuwa yameziba matundu ya hewa ya mota yakamwagika, akaiinua juu, visu vikiwa mbali na watu, akaiacha izunguke hewani bila kukata chochote. Akasimama hivyo hivyo, mkono juu, mzee wa umri ule. Mafundi wote wakaacha walichokuwa wakifanya. Palisikika randa peke yake, kwanza kwa sauti nzito, kisha sauti ikaanza kupanda na kuwa nyembamba. Upepo uliotoka kwenye matundu ulikuwa moto, nikauhisi usoni.

Akanieleza huku ameielekezea macho ile mashine, si mimi. Ndani ya mota mna feni ndogo, na feni hiyo imefungwa kwenye mhimili ule ule unaozungusha visu. Ukiikandamiza, visu vinapunguza mwendo, na feni nayo inapunguza. Kwa hiyo saa ile waya zinapovuta umeme mwingi na kuchemka, ndiyo saa hewa inapokuwa haba. Unainyima pumzi inapoihitaji zaidi. Ukiongezea kitambaa juu ya matundu, umeimaliza. Na ukiizima ghafla ikiwa imechemka, feni inasimama, joto linabaki humo ndani halina pa kutokea, linaila ile vanishi iliyopakwa waya, na kamba hukatikia pembamba. Dawa yake ni kuiondolea mzigo na kuiacha izunguke bure mpaka upepo wake utoke baridi. Hapo ndipo unazima.

Halafu akageuka kunitazama.

"Hii randa haijafiwa, Ouma. Wewe ndio umefiwa. Mbona unataka ikubebee?"

Nilikasirika. Nilimwambia hana habari ya ninachokipitia, kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwamba basi halitamngoja mtu anayepunga mashine hewani. Methali nzima nilimtupia usoni, kijana mimi, kwa mzee aliyenipa kazi. Nilitarajia anifukuze. Yeye akaweka kiganja mbele ya matundu, akaridhika, akaizima randa, akampa fundi mwingine. Kisha akavuta kile kiti nilichokikataa asubuhi.

"Kaa. Leo hauna kazi hapa. Tuambie tu Ochieng alikuwa mtu wa aina gani. Hakuna mtu atakujibu."

Nilikaa. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na upuzi. Nikasema Ochieng hakuweza kula kitunguu, alikuwa anakitoa kipande kimoja kimoja kwenye sukuma wiki, na Atieno anamgombeza kila jioni. Fundi mmoja akacheka kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Nikasema alivyokuwa akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani akikosea kila mahali. Nikasema siku yangu ya kwanza Nairobi alinishika mkono kuvuka Barabara ya Ngong, na mimi nina ndevu, nikamwambia aniachie watu wanatuona, naye akakataa kuniachia.

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya wanaume wa mstari mzima, kilio cha kutokwa na kamasi, na hakuna aliyeniambia nijikaze. Waliendelea kuranda kwa zamu: wanakata kidogo, wanaiinua izunguke bure, wanatoa maranda kwenye matundu, wanarudi tena. Kazi niliyodhani itatuchelewesha iliisha jua likiwa bado liko juu ya mabati. Mzee Mutiso akatangaza kwamba haraka haraka haina baraka, kwa sauti ya mtu aliyeitunga yeye. Siku hiyo nilimwachia ajisifu.

Tulisafiri, tukafika nyumbani asubuhi. Jambo moja lilikuwa likinisumbua njia nzima, nalo ni mama. Nilikuwa nimeitumia meza yake bila kumuuliza. Jeneza liliposhushwa alikuja polepole, akapitisha mkono juu ya kifuniko, akarudia, jinsi mtu anavyopapasa kitambaa kabla ya kukinunua. Akaniuliza kwa lugha yetu kama huo ndio mvule ule. Nikamwambia ndio.

"Basi ameuleta mwenyewe," akasema.

Akalaza shavu juu yake, nasi tukampisha.

Randa ile ni hii ya bluu unayoitumia wewe. Nimebadilisha kaboni zake, vile vipande vinavyosugua ndani ya mota, mara nyingi, na waya wa umeme nimeubadilisha, lakini koili za waya ndani ya mota ni zile zile za siku ile. Mzee Mutiso naye amelala kwao Kitui. Kifuniko chake nilikiranda mimi, kwa kuwa mimi si ndugu yake wa damu na desturi iliniruhusu, ingawa siku ile nilitamani sana kiti.

Sasa nikuambie ninachotaka kukuambia, kisha uende ukale. Chombo kikikuchoma mkono kinakuambia jambo, na kukifunga kitambaa ni kujiziba masikio. Hivyo ndivyo unavyojifanyia mwenyewe. Umejizungushia kazi, mteja baada ya mteja, ili usiguse kilicho moto ndani, na watu wanakuona mtulivu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nimeona vijana waliojikaza msibani wakaja kuungua mwaka uliofuata, mmoja kwa pombe, mwingine kwa ngumi nyumbani kwake, na watu wakashangaa kana kwamba moto umetoka mbinguni.

Wala sikuambii uache kila kitu ujifungie ndani. Nimeliona hilo pia. Mtu anajizima ghafla, hasemi, hatoki, na joto linabaki humo humo likimla. Ninachokuambia ni kwamba uuweke mzigo chini, lakini uendelee kuzunguka. Tembea. Ongea. Mtaje mama yako kwa jina, mbele ya watu. Lia ukitaka kulia. Usitafute faida yoyote katika hayo, wala usihesabu umemaliza lini. Upepo ukishatoka baridi utajua mwenyewe, na mzigo utakuwa bado unakungoja pale pale, kwa maana mvule haukimbii.

Na siku utakapokuwa na vijana wako wa kazi, ukimwona mmoja wao anapunguza mwendo, usimkandamize. Ndiyo saa anapokosa hewa. Nakuomba hilo zaidi ya yote, kwa sababu karakana hii nitamwachia nani kama si wewe.

Ule mlango wa mteja nitauranda mimi kesho, nimeshampigia simu nikamwambia. Wewe utakaa kwenye kiti, na kama unataka chai itakuja. Utaniambia mama yako alikuwa mtu wa aina gani. Anza na lolote, hata kama ni vitunguu. Sitakujibu.

Mungu aliyemlaza mama yako amlaze pema. Wewe akujalie mikono yenye kazi na nyumba yenye sauti za watu. Na kila atakapokuwekea mzigo, mwanangu, asikunyime pumzi ya kuubeba, wala mtu wa kukuambia uutue.