Ng'ombe wa Kwenye Simu

Katika mkutano wa wazazi shuleni nilisimama nikasema michezo ya simu inaharibu watoto: inaua macho, inafundisha uvivu, inamfanya mtu asahau ukoo wake. Nilipigiwa makofi. Sikuwa nimewahi kucheza hata mmoja, lakini nikishashika maikrofoni, kutojua hakujawahi kunizuia.

Nikarudi nyumbani, hapa Isiolo mjini, nikakuta binti yangu ameweka mchezo wa ufugaji kwenye simu yangu mimi. Nikaichukua niufute palepale. Kidole kikiwa juu ya kitufe, ng'ombe mwekundu akazaa. Ndama akasimama, akayumba, akatafuta kiwele cha mama yake. Sasa nani anafuta ndama?

Wiki hiyo hata taarifa ya habari sikusikiliza. Nilihamisha ng'ombe kwenye majani mapya, nikawapeleka kisimani, nikawapa majina kwa rangi zao. Pale juu pembeni mchezo unaandika idadi ya mifugo yako, waziwazi. Kwetu Waborana mtu hahesabu ng'ombe wake hadharani. Ni kuwaitia balaa. Nikabandika plasta kwenye kioo, juu ya namba hiyo. Mwenye duka aliniuliza kama simu imeumia, nikasema ndiyo.

Tatizo ni kwamba sikuuza. Mchezo unataka uuze kabla ya kiangazi, ununue nyasi za wachache wanaobaki. Mimi nilingoja mvua. Ng'ombe wakakonda, wakalala, wakafa wote, na kioo kikaniuliza kama nataka kuanza upya. Nikaanza. Wakafa tena.

"Aba, si uuze tu?" binti yangu akasema.

"Mvua iko karibu."

"Hata ile mwaka ulisema hivyo."

Alisema kweli, na iliniuma. Mwaka ule wa ukame mkubwa nilikuwa na ng'ombe wa kweli kule Kinna, na niliingoja mvua hivihivi, kwa uso huuhuu wa mtu mwenye busara, mpaka wengi wakageuka ngozi. Waliobaki anawachunga kaka yangu. Watu wazima walinishauri wakati ule, sikusikia. Ikabidi nifundishwe na kitu nilichokipigia kelele mbele ya walimu, nikiwa nimejilaza kwenye kochi, simu ina plasta.

Mwezi uliopita kaka yangu akapiga simu, akanikatiza nikiwa kisimani na ng'ombe wa simu.

"Nyasi imeisha huku," akasema. "Tungoje kidogo, ama?" Aliuliza kwa mazoea tu, jibu langu alikuwa nalo tayari.

"Uza," nikasema. "Uza sasa, wakiwa bado na nyama. Bakisha majike wachanga tu."

"Hii ni wewe kweli? Nani amekushauri?"

"Mtaalamu wa mifugo," nikasema.

Siku waliyopakiwa kwenye lori nililia, wala sikujificha. Nilikuwa nawajua mpaka mama zao. Lakini waliondoka kwa miguu yao, na majike waliobaki wanakula nyasi tulizonunua, na kaka yangu ananisalimia kwa heshima mpya ambayo sijui nitaitunza vipi.

Jioni binti yangu alinisogezea simu. "Basi sasa umejua kucheza, Aba. Uza na hawa."

Niliibonyeza plasta ikae vizuri, nikamwambia mvua iko karibu.