Jina la Kituo cha Langoni

Ukitaka kumuudhi Mbinya, mwambie kazi yake ni kupaka rangi. Atakukata jicho, kisha akueleze polepole, kama mwalimu wa chekechea, kwamba yeye huandika vibao, vile vya mbao ambavyo dereva huweka kwenye kioo cha mbele ili abiria wajue basi linakopitia. Miaka ishirini na sita amewaandikia Mabasi ya Pambazuko katika kibanda kilicho langoni mwa depo yao, Makongeni. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na ule mkono usiotetemeka aliurithi kwake.

Kampuni ilianza na mabasi manne ya kupeleka wafanyakazi wa reli kazini. Leo ina themanini, yanayofika hadi Pipeline na Njiru, na hakuna kibao ambacho hakijapita mikononi mwa Mbinya.

Mwaka huu yakaja mabasi ya umeme, yasiyonguruma wala kutoa moshi, yenye kibao cha taa kinachojiandika chenyewe. Meneja akamwita Mbinya, akamshukuru kwa maneno mengi matamu, akamwambia mwisho wa mwezi akapumzike. Mbinya alirudi kibandani akalia, kisha akajikasirikia kwa kulia. Ana miaka hamsini na miwili tu, akapumzike nini?

Aliyeingiza majina kwenye taa zile ni Kate, fundi wa kompyuta, binti mwenye bidii na adabu, na aliyatoa kwenye ramani ya jiji. Jumatatu asubuhi basi la kwanza la umeme likaelekea Njiru, liking'aa kama sahani za harusi. Dereva Ndirangu alirudi amechanganyikiwa, amebeba abiria saba. Kila kituo watu walisoma zile taa, wakatazamana, wakangoja basi linalofuata.

Mbinya alicheka hadi akashika mbavu. Ni nani huku kwetu Eastlands anayeshukia "Kangundo Mashariki Namba Nne"? Watu hushukia Kwa Cherehani, ingawa fundi mwenyewe alihama zamani. Hushukia Mkuyuni, na mkuyu ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Kituo huitwa kwa kitu kilichokuwepo, na kadiri kinavyosahaulika ndivyo jina linavyokolea.

Angeweza kunyamaza na kufurahia. Badala yake alichukua kibao chake cha zamani, akakisimamisha kwenye kioo cha basi la umeme, chini ya taa zote zile, na safari ya pili Ndirangu alijaza viti vyote. Jioni hiyo Kate alikuja kibandani, akakalia mkebe wa rangi.

"Mama Nzivo," akasema, akimwita Mbinya kwa jina la mwanawe, "nifundishe."

Wiki mbili wakazunguka pamoja njia zote, Mbinya akitaja, Kate akiandika, wakibishana kidogo na kucheka sana. Mbinya alimpenda yule binti, akajilaumu kwa kumpenda, maana ndiye aliyemletea zile taa.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Mbinya alikuwa akifunga brashi zake kwenye gazeti basi lilipofika langoni, taa zake zikiwaka jina jipya la kituo cha langoni: KWA MBINYA.

Akamwendea Kate mbiombio.

"Kwa hiyo mmenifukuza kweli," alisema. "Hapa kwetu kituo hupewa jina la kitu kilichoondoka. Mimi nimesimama hapa, mnaniona."

Kate alikuwa amedhani anampa zawadi. Ikabidi atoboe habari ambayo meneja alitaka kuitangaza mwenyewe wakati wa chai: Mbinya habanduki. Kuanzia Jumatatu majina yote ya vituo, ya taa na ya mbao, yako chini yake.

"Basi, futa jina hilo," Mbinya akasema, akipangusa machozi kwa kitambaa cha kazi, hata akabaki na doa la buluu shavuni. "Utalirudisha nikistaafu."

Kate akalifuta palepale. Lakini Ndirangu alikuwa ameshalisoma, na kondakta wake, na abiria wa basi zima. Siku hizi ukitoka mjini utamsikia kondakta akigonga mlango na kuuliza, "Kwa Mbinya iko mtu?" Na kabla abiria hawajajibu, mama mmoja mwenye brashi mkononi huchungulia kutoka kibandani na kupaza sauti kwamba yuko, tena yuko sana.