Spika Ndogo za Niña Ledis

Ledis Charris hakuja kwangu kutafuta muziki. Alikuja kutafuta kisasi, na alikuja na vipimo. Futi ya kushonea ilikuwa bado inaning'inia shingoni, na mkononi alishika kipande cha karatasi ya kukatia mitindo: sebule mita nne kwa tatu na nusu, bati juu, saruji chini, dirisha moja, mlango mmoja wa barabarani.

Wakati huo nilikuwa nauza redio na spika za mitumba katika soko la Barranquilla, mji nilioshukia kutoka melini nikiwa kijana wa Tanga, na meli ikaondoka bila mimi. Kosa langu la kwanza pale lilikuwa kuwaambia watu kwetu ni wapi. Kwao tanga ni chupi ya kike, ile yenye uzi mmoja nyuma. Miaka kumi na minne soko zima limeniita Tanga, yaani Chupi kwa lugha yao, nami sikununa. Jina likichekesha halisahauliki, na mteja asiyekusahau hurudi.

"Tanga," akasema Ledis, "nasikia wewe ni mwizi."

"Nani kasema, Niña Ledis?" Mtaani kwao mwanamke wa heshima huitwa msichana, niña, hata akiwa na mvi. Ledis alikuwa na hamsini na tatu.

"Kila mtu. Lakini wanasema pia unayajua masikio. Nataka spika za sebule ambayo si yangu peke yangu."

Sebule ile nilikuwa naijua. Mtaa mzima wa Rebolo uliijua. Mama yao alipofariki aliacha nyumba yenye vyumba viwili na sebule katikati: chumba cha mkono wa kulia cha Ledis, cha mkono wa kushoto cha kaka yake Dagoberto, sebule ya wote wawili. Ledis alikuwa fundi cherehani, na dirisha lile moja ndilo lililompa mwanga wa kushonea. Dagoberto alikuwa anaendesha winchi bandarini, na alikuwa na picó.

Picó ni spika, lakini usifikirie spika. Fikiria kabati la nguo la bwana harusi tajiri, limepakwa rangi zinazowaka, lina jina lake kama ng'ombe wa maonyesho. Lile la Dagoberto liliitwa Mnyongaji. Alilitia ndani ya sebule ya mita nne, likaanza kunguruma saa kumi na mbili asubuhi. Vikombe vilitembea vyenyewe kabatini. Wateja waliokuja kupimwa nguo hawakusikia wakiambiwa wageuke. Mabibi harusi wawili waliondoka na vitambaa vyao. Na kila jioni kaka mtu alisimama mlangoni, kifua wazi, akasema kwa upole:

"Uza nusu yako, dada. Tafuta mahali penye utulivu."

Ndilo jambo lenyewe. Ledis akishindwa kushona pale, hana pa kushonea, asiposhona, atauza, na mnunuzi ni yule yule anayempigia kelele.

Kwa hiyo nilimwonyesha kile ambacho watu wote wa mji ule wangetaka: jozi kubwa, koni za inchi kumi na tano. "Hizi zitamfukuza yeye," nikasema.

Akazitazama kama anavyotazama kitambaa kilichopakwa wanga ili kionekane kizito. "Wewe umewahi kumtia tembo bafuni, Tanga?"

"La."

"Basi usiniuzie wa pili. Mmoja ninaye."

Nikatoa jozi ya pili, yenye taa zinazofuata ngoma. Akaniambia niwawekee watoto wangu. Nikatoa ya tatu kwa shingo upande: visanduku viwili vya rangi ya kahawia, kila kimoja kama debe la mafuta ya kupikia, nilivyonunua kwa daktari wa meno aliyehama. Vibaya kwa sura. Vilikaa kwangu miezi saba, na yeyote aliyeviona aliuliza vinauma kiasi gani.

"Nipigie redio," akasema.

"Nina santuri nzuri hapa, niweke—"

"Sitaki santuri. Nitafutie mtu anayeongea."

Nikampata mwanamke anayesoma nyota za watu, kisha mtangazaji wa besiboli, kisha padri. Ledis akaketi kwenye ndoo, akafumba macho. Alinifanya nipunguze sauti, nikapunguza. Akaniambia nipunguze tena. Kwa sauti ndogo zile spika kubwa zilikuwa zinakoroma tu, padri amemeza pamba. Kutoka kwenye visanduku vya daktari alisikika hata akivuta pumzi kabla ya kutaja dhambi.

"Muziki unadanganya," akasema akiinuka. "Ngoma ikiwa nzito, kila mtu anadhani amesikia. Sauti ya mtu haidanganyi. Nachukua hizi."

Sitasimulia tulivyopatana bei. Niseme tu kwamba niliongezewa shati la kanivali nisilolitaka, na yeye akaongezewa waya, stuli mbili, na mimi mwenyewe kwenda kumfungia.

Nilikwenda Ijumaa, kaka mtu akiwa kazini. Nilipiga kofi moja katikati ya sebule, na kofi likarudi mara tatu kutoka kwenye bati na kuta. Chumba kama hicho kinakula maneno. Nikamwambia anahitaji kitu laini ukutani. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akatoa vitambaa vyake, mikunjo na mikunjo ya pamba na velveti, akavitundika ukuta mzima wa nyuma kama duka. Nikapiga kofi tena: moja, likafa palepale. Tukaziweka spika juu ya stuli, usawa wa sikio la mtu aliyeketi, mbali na kona, maana kona huongeza besi na kuleta uongo. Mbele ya spika, kwenye pembe ya tatu, kiti cha bembea.

"Sasa niambie unataka kusikia nini," nikasema. "Hakuna anayenunua padri."

Akafunga mlango. Ndipo akaniambia habari ya santuri.

Mwenye picó halindi spika yake, hulinda santuri. Fahari ya Dagoberto ilikuwa santuri moja kutoka Afrika aliyoletewa na baharia, ambayo hakuna mwingine mjini aliyekuwa nayo. Aliikwangua karatasi ya katikati kwa wembe mpaka ikabaki nyeupe, asije mtu akasoma jina na kuiagiza. Ndiyo desturi yao. Na kwa kuwa wimbo hauna jina, watu huupa jina kwa kile masikio yao yanachokamata. Huu walikamata pan da yuca, yaani mkate huzaa muhogo. Upuuzi mtupu, lakini mtaa mzima uliupiga kelele, na wauza muhogo waliongeza bei siku ulipopigwa. Bwana Wilfrido Polo, mwenye picó pinzani wa mtaa wa La Luz, aliwahi kutoa pikipiki ili aambiwe jina. Dagoberto alimcheka.

"Baharia alileta mbili," Ledis akasema. "Ya pili Dago alimpa mama. Mama aliipenda. Alikuwa akiipiga kwenye kinanda chake kidogo cha santuri akimenya mbaazi. Wimbo ulipopata jina, Dago akaja, akaitoa kwenye kinanda, akaivunja gotini mbele yake. Akasema kitu cha pekee hakina pacha. Mama alichukua ufagio."

Akaokota pini mbili sakafuni, akazibana midomoni.

"Mimi naukumbuka ule wimbo mpaka mwisho, Tanga. Yeye haujui. Wenye picó huinua sindano kabla haujaisha, au hupayuka juu yake. Mwisho pana mwanamume anaongea. Sijui anasema nini. Lakini wewe ni wa kule."

Nikamwelewa. Nimefanya biashara na watu wengi wakali, na sijaogopa hata mmoja kama nilivyomwogopa yule fundi cherehani mwenye pini mdomoni.

Jumapili, baada ya mchuzi wa mchana, Dagoberto alirudi akakuta visanduku juu ya stuli. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Dada! Umenunua viatu? Mbona hujavitoa kwenye maboksi?"

"Tushindane," Ledis akasema. "Spika zako na zangu. Santuri moja, kinanda kimoja cha mama. Anayeshindwa anatoa mashine yake sebuleni na hairudishi. Ukishinda, na nusu yangu nakuuzia."

"Nani ataamua?"

"Bwana Wilfrido Polo. Nimemwita."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza. Lakini wenye picó wana ugonjwa wao: kushinda mbele ya ndugu ni ushindi mmoja, kushinda mbele ya mpinzani ni mara mbili. Wilfrido alikuwa tayari yuko mlangoni, mtu mfupi, kofia mkononi, ananusa.

"Na sharti," Ledis akasema. "Santuri ipigwe nzima. Hakuna kugusa sindano, hakuna kupiga kelele juu yake."

"Hata mara kumi," akasema Dagoberto, na alikuwa ameshaingia chumbani. Tulijua wote atatoka na ipi. Ana santuri mia mbili, lakini mbele ya Wilfrido Polo asingeweza kuleta nyingine, kama jogoo asivyoweza kuwika kwa kunong'ona. Aliionyesha ile karatasi iliyokwanguliwa karibu na pua ya mgeni wake. "Soma, Wilfrido. Soma kwa sauti."

Mnyongaji likaanza. Vumbi likashuka kutoka kwenye bati. Barabarani watu wakaanza kucheza, wakapaza pan da yuca. Besi ilikuwa nzito, siwezi kukataa. Lakini neno sikupata hata moja. Kuelekea mwisho Dagoberto akanyoosha mkono kwenye sindano kwa mazoea.

"Nzima," dada yake akasema.

Akaacha. Kitu kikanguruma chini kabisa, kama mtu anayezungumza ndani ya gunia, kikaisha. Hakuna aliyekitia maanani.

"Umesikia hicho, Chupi?" akanipigia kelele. "Hicho ndicho kishindo cha kiume!"

"Masikio yangu yamesikia," nikasema. "Yanauliza yamekukosea nini."

Ledis akamketisha Wilfrido kwenye kiti cha bembea, mimi kwenye stuli pembeni yake. Akageuza swichi, kinanda kikatoka kwa Mnyongaji kikahamia kwenye visanduku, akarudisha sindano mwanzo.

Magitaa yaliingia kama maji safi. Nilisikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Besi ilikuwepo, ya kutosha chumba, haikuvuka mlango. Watu wa barabarani wakasimama, wakasogea dirishani kusikiliza. Kisha sauti za wanaume watatu zikaimba, nami nikashika goti langu. Haikuwa mkate wala muhogo. Ilikuwa lugha ya mama yangu, ninayoandikia hapa: panda juu, kaa. Panda juu, kaa. Miaka yote ile nimepita mbele ya dirisha lile nikiwa nasikia radi tu.

Wilfrido aliacha kubembea. Dagoberto naye alisogea karibu na visanduku; nadhani ndiyo mara ya kwanza aliusikia wimbo wake.

Magitaa yakafifia, na mwanamume akaongea, karibu kabisa, kama aliyeketi nasi: "Mmeburudishwa na Kengewa Jazz, wimbo ni Panda Juu."

Nilikuwa na penseli ya bei sikioni. Nikaandika kwenye pakiti ya sigara, herufi kubwa. Dagoberto akaiona penseli kabla hajauona mkono. Akarukia sindano.

"Usiiguse!" Ledis akamshika kifundo cha mkono. "Ulikubali."

"Tanga, umeandika nini? Nipe hiyo," akanigeukia Dagoberto.

"Jina la bendi, kaka. Na la wimbo."

"Nitainunua!"

"Bwana Polo anatoa pikipiki," nikasema. Na ni kweli alikuwa ameshainuka na funguo mkononi.

Dagoberto aliikwangua karatasi, maskini, akasahau kukwangua mdomo wa msemaji.

"Wewe ni dada yangu," akamwambia Ledis. Sauti yake ilikuwa imeshuka kuliko nilivyowahi kuisikia. "Damu yangu."

"Ndiyo. Mtu baki ningemsamehe." Akamwachia mkono. "Bwana Polo, amua."

"Visanduku," akasema Wilfrido bila kugeuka, maana alikuwa anaisoma pakiti yangu.

Dagoberto alilitoa Mnyongaji siku ile ile, mchana kweupe, na Ledis hakukubali asaidiwe. Alilisukuma peke yake hatua kwa hatua mpaka barabarani, majirani wamekaa vizingitini na viti vyao kama kwenye maandamano. Kona moja ilikwangua rangi yote ya uso.

Mimi niliagiza santuri ishirini na nne kwa baharia wa Mombasa. Hata kanivali haijafika, kila picó mjini ilikuwa na Panda Juu, na hakuna aliyemwita Dagoberto popote kupiga muziki. Wilfrido alinilipa pikipiki. Breki zilikuwa mbovu. Nilijua, nikampunguzia santuri moja.

Baada ya miezi miwili Dagoberto alikuja sokoni. Alikuwa amekonda. Hakuuza, hakununua, alizungukazunguka meza yangu.

"Maneno yale," akasema mwishowe. "Yana maana gani?"

"Panda juu, kaa kitako."

"Basi?"

"Basi."

Kisha akaniomba nimpelekee dada yake ujumbe: anamuuzia nusu yake, bei yoyote atakayotaja, ahame. Hawezi tena kupita sebuleni humo, wateja wamejaa, wanawake wananyamaza anapopita, na yeye Ledis anampunguzia sauti spika kwa adabu kama anavyofanyiwa mgonjwa.

Nikaona biashara. Nusu nyumba kwa bei ya kutupa, na dalali angekuwa mimi. Nikaenda jioni ile ile. Ledis alikuwa dirishani anapinda gauni la harusi, redio inasoma habari kwa sauti ndogo. Nikampa ujumbe, nikamtajia faida, nikamhesabia vyumba.

Hakuinua kichwa.

"Mwambie sinunui."

"Niña Ledis, fikiri. Nyumba nzima itakuwa yako."

Akauma uzi, akaukata.

"Na akihama, Tanga, nitalipiza kisasi kwa nani?"