Mkia wa Jumatano ya Nne

Watu wa mtaani walimwita Lowell Ptacek mbahili, na walimkosea. Mbahili ni mtu anayeficha vyake. Lowell hakuwa na cha kuficha. Alikuwa na Jumatano zake tu, na hizo nazo hazikutimia.

Alipoachana na mkewe, Janelle, hakimu aliamua binti yao Delaney akae na mama, na baba apewe wikiendi moja kwa mwezi pamoja na kila Jumatano jioni. Jumatano kwa sababu vijijini Nebraska jioni hiyo shule huwaachia makanisa: hakuna mazoezi ya mpira, hakuna kwaya, hakuna chochote. Delaney alikuwa na miaka kumi na tano na kanisa halikumvutia hata kidogo, kwa hiyo jioni nzima ilikuwa ya baba yake. Ubaya ni kwamba Janelle alirudi mji wa kwao, mwendo wa saa mbili na ushei, barabara imenyooka tu katikati ya mahindi na upepo wenyewe hauna haya. Wikiendi Janelle ndiye aliyemleta mtoto. Jumatano zilikuwa mzigo wa Lowell. Kazi yake ilikuwa kwenye ghala la nafaka, na mshahara ukishakatwa matunzo ya mtoto, ambayo hakuwahi kuyanung'unikia, kilichobaki kilimnunulia mafuta ya Jumatano tatu. Ya nne hakuweza.

Basi Jumatano ya nne alikuwa anapiga simu na kusingizia kazi. Anasema mahindi yamekuja mengi, wamebanwa. Delaney anamjibu, "Sawa." Hiyo sawa ndiyo iliyomtafuna. Mtoto angelia au angefoka, Lowell angejua pa kuanzia. Lakini ile ilikuwa sawa ya mtu aliyekwisha kuzoea, na hakuna baba anayependa mwanawe azoee kutomwona.

Akakata shauri kwamba Jumatano ya nne ataipata, iwe isiwe. Kwanza aliuza pikapu. Kwa mwanamume wa kule, kuuza pikapu ni kama kutembea bila suruali, na jirani yake, mzee Arvid Kroeger, mkulima mstaafu mwenye ulimi mrefu, hakumwacha apumue. Lowell aliporudi na kigari kidogo chekundu, kimepauka kama nguo iliyosahauliwa kambani, Arvid alikizunguka, akauliza kama kiatu kingine, cha mguu wa kushoto, amekiacha dukani.

Lowell alitia pamba masikioni. Alikuwa amesoma kwenye mtandao maandishi ya watu wengine waliojifungia gerejini mwao wakitafuta namna ya kubana mafuta, na alichokielewa ni kwamba gari likikimbia, kazi yake kubwa ni kuusukuma upepo. Ukiulainishia upepo njia, gari linakula mafuta kidogo. Kila jioni alipotoka kazini alilala chini ya gari. Alijaza tairi upepo hadi zikawa ngumu kama jiwe. Alifunika rimu kwa sinia za bati za kuokea piza, nne zinazolingana. Aliziba uso wa gari, pale hewa inapoingilia kwenye rejeta, kwa vipande vya mpira, na akaziba vizuri kupita kiasi: siku moja ya Agosti rejeta ilichemka, akasimama kando ya barabara amezungukwa na mahindi, mvuke unatoka kwenye boneti, na Delaney anasubiri. Alifika kachelewa, mikono imeungua. Kesho yake akakata mwanya mdogo pale mbele, na shida hiyo ikaisha.

Kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa mkia. Upepo ukishapita juu ya gari huanguka nyuma kwa fujo, na ile fujo hulivuta gari kama mtu aliyeshika shati lako. Dawa yake ni kulichongea gari mkia mrefu unaosinyaa taratibu. Lowell alihitaji kitu chepesi, kigumu, kisichoogopa mvua, na cha bure. Kwa bahati, nchi ile huwa inakimwaga barabarani kila baada ya miaka miwili: mabango ya kampeni. Uchaguzi ukipita, yale mabango ya plastiki hubaki kwenye nyasi yanapigwapigwa na upepo, na hayana mwenyewe.

Mengi aliyokuwa nayo yalikuwa ya bwana mmoja aitwaye Poole, wa huko huko kwa akina Delaney, aliyegombea ukuu wa polisi wa kaunti akaanguka vibaya. Lowell alimpigia simu kumwomba, na Poole akamwambia kwa sauti ya msiba ayachukue yote. Aliunda fremu ya mbao nyembamba, akakata, akakunja, akafunga kwa ribiti na gundi, akahamishia namba na taa huko nyuma, kisha akapaka rangi nyekundu ifanane na gari. Mkia ulijitokeza karibu urefu wa mtu. Arvid alipouona alikaa chini kwenye ndoo.

"Bwana wee," alisema, "umelitia gari mimba, na mimba yenyewe imekaa nyuma."

Acheni wacheke. Lowell alienda na kurudi, akaenda tena, akiendesha kwa mguu mwepesi, malori yanampigia honi na yeye wala hashughuliki. Mwezi ulipofika mwisho, ndani ya tangi palikuwa na Jumatano ya nne. Alikaa ndani ya gari akiitazama geji, akapiga usukani ngumi moja ya furaha. Tangu siku hiyo alipoutazama mkia hakuona plastiki, aliona Jumatano.

Delaney hakuujua mkia kwa jina hilo. Yeye alijua kwamba baba yake anakuja kumchukua shuleni na kitu kinachofanana na kaa aliyegeuzwa. Alimwomba awe anaegesha nyuma ya kanisa la Kilutheri, mbali na foleni ya wazazi, na Lowell akakubali. Labda mambo yangeishia hapo, kama si mvua ya Septemba. Plastiki ile haishiki rangi. Lowell hakujua. Mvua ilimpiga njia nzima, rangi ikabambuka vipande vipande, akaingia mjini kwa Poole mwenyewe na maandishi makubwa pande zote mbili: MCHAGUENI POOLE, MTU WA KAZI. Karibu miaka miwili baada ya uchaguzi. Wanafunzi walivunjika mbavu. Kesho yake Delaney alikuwa na jina jipya shule nzima, Mheshimiwa.

Jumatano iliyofuata waliketi kwenye mgahawa wao, kila mmoja na bakuli lake la maharage ya nyama yenye pilipili na mkate mtamu wa mdalasini wa kuchovya, kama wanavyokula watu wote wa huko. Delaney hakuchovya.

"Baba, naomba utoe ule mkia."

"Unasaidia mafuta, mwanangu."

"Kwa hiyo mafuta ni muhimu kuliko mimi?"

Hapo ndipo mtu unatamani kumshika Lowell mabega umtikise. Si umwambie? Mwambie kwamba mafuta na yeye ni kitu kimoja. Lakini Lowell alitoka kwenye ukoo wa wanaume wanaoweza kujenga ghala zima bila kusema sentensi tatu, na aliona aibu kumwambia mtoto kwamba baba yake hana uwezo. Alimeza mkate, akasema, "Nitautoa."

Aliutoa jioni ile ile. Alikuwa ameufunga kufa na kupona, kwa hiyo haukutoka mzima, ilibidi aukate kwa kisu, na vipande akaviegemeza ukutani mwa gereji. Iliuma. Arvid alisimama mlangoni, akamuuliza sababu, kwa mara ya kwanza bila mzaha, na Lowell akamjibu kwa sentensi moja: anayoikata pale ni Jumatano ya nne.

Mwisho wa Septemba Lowell alipiga simu akasema kazi zimezidi. "Sawa," akajibiwa. Mwisho wa Oktoba akapiga tena, sawa ikarudi ile ile, bapa, kama mlango unaofungwa taratibu. Alijaribu kuendesha polepole zaidi, alijaribu kukunja vioo vya pembeni, alijaribu kula chakula cha mchana nusu. Bado mafuta hayakutosha. Na mabango mapya hayangepatikana mpaka uchaguzi, na hata yangepatikana, alikuwa ameahidi.

Siku chache baada ya simu hiyo, ile wikiendi ya Delaney ilifika. Jumamosi Lowell alikuwa jikoni anakaanga mayai, akamwona binti yake kupitia dirishani amesimama gerejini mbele ya vile vipande vya mkia, na Arvid yuko naye, anaongea kwa mikono yote miwili. Lowell alidhani mzee anamchekesha. Delaney alipoingia ndani alikula kimya, akaosha vyombo bila kuambiwa. Lowell naye hakuuliza. Wale walikuwa baba na binti kweli kweli.

Uchaguzi ukapigwa, Jumanne ya kwanza ya Novemba kama kawaida. Jumatano Lowell alisafiri na upepo ukimpiga usoni njia nzima, gari halina mkia, anaona kabisa geji ikishuka. Aliegesha nyuma ya kanisa. Simu ikaita.

"Uko wapi?" aliuliza Delaney.

"Nyuma ya kanisa, mahali petu."

"Toka huko. Njoo mbele, kwenye foleni, kama wazazi wengine."

Aliingia kwenye foleni kati ya pikapu mbili ndefu, akidhani kuna jambo baya. Mlango wa shule ukafunguka. Delaney alitoka amebeba rundo la mabango lililomfika kidevuni, amelifunga kwa skafu yake mwenyewe, na upepo unataka kumnyang'anya. La juu kabisa liliandikwa MCHAGUENI POOLE, BODI YA MAJI. Wavulana wawili ngazini wakaanza.

"Mheshimiwa, vipi, mmeshinda?"

"Tumeanguka," alisema Delaney. "Shika huku, usisimame tu."

Na yule mvulana akashika. Walikuja wote wawili mpaka kwenye gari, mbele ya foleni nzima, wakayasukumia mabango kiti cha nyuma mpaka mlango ukagoma kufunga. Mengine Delaney aliyapakata. Lowell alikuwa bado ameshika usukani kama mtu aliyepigwa butwaa.

"Nilimpigia Poole jana usiku," Delaney alisema. "Kasema tuchukue yote. Mama alinizungusha alfajiri kabla ya shule, na huko nyumbani yako mengine."

"Mama yako?"

"Ndiyo. Nilimwambia alichoniambia babu Arvid. Kwamba ule mkia ndio Jumatano ya nne."

Nyuma yao honi ya kwanza ikalia. Lowell hakusogea.

"Uliniambia kazi zimezidi," alisema Delaney.

"Nilikuambia."

"Nikajua umenichoka. Nikasema basi, nizoee." Akaangalia mabango mapajani. "Usiniambie tena hivyo, baba. Kama huna mafuta, sema huna mafuta."

Lowell alitafuta maneno kule yanakotafutwa maneno, akaambulia machache. "Nilidhani unaona aibu."

"Naona. Hili gari ni baya, na mkia ndio utalizidishia ubaya. Lakini safari hii tusipake rangi, itabambuka tu. Watu wasome."

Honi zikawa tatu, nne. Lowell alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akatia gia, na yeye ambaye kwa miaka hajawahi kukanyaga mafuta bila sababu, alikanyaga mpaka gari likaruka kwenye foleni na mabango yakawaangukia vichwani.

"Polepole, baba," alisema Delaney. "Unaimaliza Jumatano yetu."