Saa ya Kwetu au ya Kwenu

Kaka yangu aliingia na tableti nyumbani wiki ileile zilipofika madukani Kigoma mjini, na tangu hapo nyumba yetu ya Ujiji haikukalika. Si kwamba ilikuwa inakalika kabla. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Warundi walikuwa wanavuka kila siku, mabasi yanapita yamejaa watu na mabunda ya nguo, na mama yangu anafagia ua uliokwisha kufagiwa. Mdogo wake, mama yangu mdogo mimi, aliolewa ng'ambo ya mpaka, kwenye ufukwe wa ziwa upande wa Burundi. Tangu vurugu zianze huko simu yake ilikuwa haipatikani. Mama alikuwa ananituma bandarini kuulizia, nikirudi bila habari ananuna, kama kwamba mimi ndiye niliyemficha.

Sasa katikati ya hayo, mtu analeta tableti! Jamani, nilichukia. Kaka alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Alikuwa anapanda boti mpaka Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya mpaka, ananunua na kuja kuuza. Biashara yake yote ilikuwa na watu wa pande mbili, na kwa kuwa Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, kila ahadi ya kule inaanza na swali: "Saa ya kwetu au ya kwenu?" Alizoea mpaka akawa anatuuliza hivyo hata sisi. Ukimwambia chakula saa mbili, anajibu, "Ya kwetu au ya kwenu?" Mwanzoni tulicheka, baadaye ilichosha.

Na zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hawaingii ziwani, na mwanamume wa Ujiji asiye na pa kwenda ni mzigo kwa mtaa mzima. Walijaa barazani kwetu tangu asubuhi kuijadili tableti ambayo hawakuinunua wao. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele, na mdomo wangu haujui kukaa.

"Tazama kioo," alisema jirani yetu, fundi wa injini za boti. "Hiki si kioo cha simu. Hili ni dirisha."

"Dirisha gani haliingii mfukoni?" nikasema. "Atatembea nalo kwapani kama karani wa mahakama."

"Wewe dada, hujaulizwa."

"Na wewe umeulizwa na nani?"

Wakacheka, mjadala ukaendelea. Chaji yake inakaa, alisema mmoja. Picha zake unazivuta mpaka unaona unywele, alisema mwingine. Fundi naye akageuka, akasema tatizo ni vidole. Ukishatoka kushika dagaa, mkono una mafuta na magamba, ukigusa haikutambui. Akajaribu pale pale. Alibonyeza picha, likafunguka jambo lingine kabisa, mwanamke anapika maandazi, na hakuna aliyejua jinsi ya kumnyamazisha. Na ina tundu moja tu la laini, nikaongeza mimi. Mtu wa Kagunga anahitaji laini mbili, ya kwetu na ya Burundi, sasa tundu moja la nini? Kaka alijibu kila kasoro kwa hasira, kama anayemtetea mchumba wake mbele ya mashangazi.

Jambo moja tu halikupingwa. Ukiigusa kidogo, kioo kizima kinawaka saa, tarakimu kubwa, hata mama bila miwani anaisoma kutoka jikoni. Nyumbani kwetu saa ilikuwa mgogoro. Saa ya ukutani, marehemu baba aliisogeza mbele makusudi enzi zile ili tuwahi shule, na hakuna aliyethubutu kuirudisha baada yake, wala aliyekumbuka aliisogeza kiasi gani. Simu yangu ya kitochi nayo ikianguka betri inatoka, na saa inaanza upya kama dunia imeumbwa leo.

"Hii hairekebishwi na mtu," kaka alisema akijipiga kifua. "Inajirekebisha yenyewe. Inachukua saa kwenye mtandao."

"Kwa saa, sina neno," alisema fundi.

"Kwa saa, hata mimi sina," nikasema. Mchele ulikuwa umeisha kuchambuliwa, nikaondoka.

Siku chache baadaye kaka akaenda Kagunga na tableti yake. Alirudi usiku, isha imekwisha kuadhiniwa, amechoka, amekunja uso. Simu yake ya mkononi ililowa alipokuwa anashuka botini. Ikabidi afanye kazi zote kwa tableti, na kwa kuwa kule inayoshika vizuri ni laini ya Burundi, alitoa ya kwetu akaweka hiyo.

"Tundu moja," nikamwambia. "Nilisema."

Alikaa kwenye mkeka, akasema, "Mama, watu kule ni wengi. Ufukwe hauonekani." Akaanza kumwonyesha picha alizopiga kutoka botini. Mimi nilitazama juu ya bega la mama. Watu, watu, masufuria, watoto, godoro moja juu ya kichwa, watu tena. Kaka alikuwa anazipeleka mbio kama anayezionea aibu.

"Rudisha," mama alisema.

"Ipi?"

"Rudisha, nimekwambia!"

Akarudisha, akaivuta picha kwa vidole viwili. Mwanamke mmoja akakua mpaka akajaa kiooni. Khanga imefifia, mkono mmoja kiunoni, mkono mwingine umeshika chupa.

"Ni yeye," mama alisema. "Anasimama hivyo tangu mtoto, kama ana kesi na dunia."

Kaka hakumtambua kwa sababu mara ya mwisho kumwona, kaka mwenyewe alikuwa bado mtoto wa kaptula. Mimi nilimjua kwa mama. Ilikuwa sura ya mama iliyokonda. Mama akanyoosha kidole ampapase shavuni, na picha ikateleza, ikaja nyingine, ya boti tupu.

"Amekwenda wapi? We! Amekwenda wapi?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikaona macho yake nikakoma. Kaka akamrudisha. Mama akamgusa tena, akaondoka tena. Mara ya tatu mama alikaa ameikunja mikono mapajani, anatazama tu.

Kaka akasema waliokuwa upande ule wa ufukwe ndio waliopangwa kupanda meli ya usiku huo. Tulijua utaratibu, maana nilikuwa nimeshinda sana pale bandarini. Meli inafika asubuhi, watu wanaandikishwa, na saa nne mabasi yanawapeleka kambini, safari ya mbali. Ukiwa na ndugu, askari wanakuacha umsalimie getini kabla hajapanda basi. Akishaondoka, kuingia kambini kunataka kibali, na kibali unaweza kukisubiri mpaka ukasahau ulikiombea nini.

"Nataka nimshike tu," mama alisema. "Nimshike kabla hawajampakia."

Asiyetujua sisi Waha anaweza kudhani ni maneno ya kawaida. Kwetu salamu ya mtu uliyemkosa muda mrefu haiishii mdomoni. Mnashikana mikono juu ya viwiko, mnabaki hivyo, mnaulizana mtu mmoja mmoja, walio hai na waliokufa, mpaka orodha iishe. Mama alikuwa na miaka mingi ya kuuliza.

Asubuhi aliamka kwa adhana ya alfajiri kama siku zote. Mimi nikasema twende sasa hivi, tukangoje huko huko. Mama akasema hapana, nipande bodaboda niende soko la samaki la Katonga nikatafute migebuka.

"Mama, samaki mbalamwezi hii? Tununue mkate mjini!"

"Mdogo wangu anatoka kukimbia risasi, nimpokee na mkate wa dukani? Mkono mtupu haulambwi."

"Mkate si mkono mtupu!"

"Nenda, na uache kunifokea. Haraka haraka haina baraka."

Mtu aliyetunga methali hiyo ningependa nikutane naye. Nilikwenda. Katonga ilikuwa baridi, meza nyingi tupu, nikazunguka mpaka nikampata mzee aliyevua kwa ndoana, ana migebuka michache mizuri. Niliporudi Ujiji jua lilikuwa limepanda.

"Tumechelewa," nikasema kabla sijashuka.

Kaka akagusa tableti, kioo kikawaka. "Saa mbili na robo. Tulia."

Nikatazama ya ukutani. Ilikuwa imeshapita saa tatu na nusu. Lakini hiyo nani aliiamini? Mama akawasha mkaa, akapaka chumvi na ndimu, akakaanga polepole, anageuza kila samaki kwa heshima. Nilikuwa natoka nje naingia ndani. Jua limekwenda, nikamwambia kaka. Akasema jua la kiangazi ndivyo lilivyo, akanionyesha kioo tena. Nami nikasoma, nikashindwa kubishana na tarakimu kubwa namna ile. Baina ya alfajiri na adhuhuri hakuna adhana ya kumshtua mtu.

Mama akafunga samaki kwenye sahani ya bati, sahani ndani ya khanga mpya, tukapanda bodaboda mbili.

Getini palikuwa peupe. Nilijua kabla hatujasimama. Kulikuwa na maganda ya ndizi, ndala moja ya mtoto, na alama za matairi. Mama aliteremka na khanga yake ameishika kwa mikono miwili, akamsalimia askari, akauliza mabasi yatakuja saa ngapi.

"Yameshaondoka, mama. Sasa hivi yameshapita Mwandiga."

"Haiwezekani," kaka alisema. Akamsogezea tableti usoni. "Saa nne bado, afande! Tazama!"

Askari akaitazama. Hakuwa mtu mbaya. "Hii ni saa ya Burundi, bwana," alisema. "Ya kwetu inakaribia saa tano."

Nilimtazama kaka. Mtu anayeuliza wali unapakuliwa saa ya kwetu au ya kwenu! Watu wote aliofanya nao biashara aliwauliza swali lile, wanunuzi, wapagazi, wenye boti. Tableti peke yake hakuiuliza. Ilichukua saa yake Kagunga kwenye laini ya Burundi, ikarudi nayo Ujiji ambako laini ile haishiki, ikakosa mtandao, ikabaki nayo. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana tangu asubuhi, na matusi yote yakaniisha.

Mama muuza uji aliyekuwa kando ya geti akatuita. "Nyinyi ndio watu wa Ujiji?" Akatoa chini ya benchi chupa, ile ile ya kwenye picha. Ilikuwa ya mawese, imefungwa mdomo kwa kitambaa. "Kuna mwanamke ameniachia. Alikaa chini hapo akakataa kupanda basi. Alisema dada yake lazima anakuja. Askari wakamsubiri, wakamsubiri, mwisho wakambeba mkono huku na huku. Akasema nikuone nikupe, maana hawezi kupita mlangoni kwako mikono mitupu."

Amekimbia vita na chupa ya mafuta. Amelala nayo ufukweni, amevuka nayo ziwa. Mama aliipokea, akasimama na samaki mkono mmoja na mawese mkono wa pili, akalia kwa sauti kubwa mbele ya askari na waendesha boda, bila haya yoyote. Mimi nilikasirika hata sikujua nimkasirikie nani. Nilichukua jiwe nikarusha ziwani.

Nyumbani kaka aliizima tableti akaisukuma chini ya kitanda. Fundi na wenzake walipokuja barazani kuendeleza mjadala niliwafukuza. Mama alikuja akaniambia niichukue, niiwashe, nimtafutie ile picha. Alikuwa anaitazama mara mbili tatu kwa siku, na hakuigusa tena.

Kibali kilipatikana baada ya wiki nyingi za kwenda na kurudi ofisini. Tulikwenda sote watatu, mama ametundika begani sahani ya bati ndani ya khanga. Kambini vumbi, mahema yamefuatana, watu kwenye foleni ya maji. Tulielekezwa, tukakosea, tukaelekezwa tena, nami nikagombana na mtu mmoja aliyetuelekeza kwa kidevu. Kisha tukamwona amesimama mlangoni mwa hema, mkono kiunoni.

"Amahoro," mama alimsalimia kwa lugha ya kule, yaani amani.

Wakashikana juu ya viwiko. Wakaulizana. Mume, hajulikani alipo. Watoto, wawili wapo hapa, mmoja yuko Kongo. Babu wa kule, amefariki. Baba yangu, shemeji yake, alishafariki. Mama Mkubwa wa Katubuka, yupo, anaumwa miguu. Iliendelea mpaka miguu ikaniuma mimi. Kaka alikuwa nyuma yangu na tableti kwapani, hakuitoa.

Yalipoisha majina, mama mdogo bado amemshika dada yake, akauliza, "Siku ile bandarini ulichelewa wapi?"

Kaka akafungua mdomo. Mama hakumpa nafasi.

"Nilikuwa nakukaangia samaki," alisema.

Nilidhani mama mdogo atalia, au atamwachia.

"Wako wapi?" akauliza.

Mama hakumwachia. Kwa mkono mmoja akaanza kufungua khanga.