Severa na Kona ya Tangi

Mke wangu Severa alikuwa dereva. Nalisema hilo kwanza kwa sababu msibani watu walisema mengi juu yake, alivyosali, alivyolea, alivyopika ndizi, na hilo hakuna aliyelisema. Padre hakulijua. Wajukuu hawakulijua. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, sina sauti.

Sasa ninayo kidogo.

Ilikuwa mwaka hamsini na sita. Tulikuwa na duka la maharage na vitunguu Kariakoo, na pikapu moja kuukuu. Mimi sikujua kuendesha. Severa alifundishwa na kaka yake Tarsis, kule kwao Kibosho, kwenye lori la kahawa. Alipokuja mjini akaenda polisi, akafanya mtihani, akapata leseni. Mzigo ukishuka stesheni, yeye ndiye aliyeufuata. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia.

Vipuri vya pikapu tulinunua Gerezani, kwa Bwana Ghanshyam. Huyu Ghanshyam alipenda magari kuliko chakula. Yeye na wenzake wenye maduka waliomba kiwanja nyuma ya karakana za reli. Hapo palikuwa pakimwagwa majivu ya makaa ya treni miaka mingi, mpaka ardhi ikawa nyeusi na ngumu, lakini juu inateleza. Kila Jumapili mchana walipanga mapipa, wakafanya njia ya kuzunguka, yenye kona. Wakajifunza kukimbiza gari.

Walikuwa na desturi moja. Kabla ya kuanza, mapipa yote yalipakwa chokaa upya. Chokaa mbichi. Gari likigusa pipa, linaondoka na weupe ubavuni. Dereva akibisha, anaonyeshwa ubavu wa gari lake. Ubishi umekwisha.

Jumapili moja tulifuata fan belti ya pikapu, tukamkuta Ghanshyam kiwanjani. Severa akasimama kando ya pipa, mkoba wa kanisani mkononi. Akatazama magari yanavyopinda. Mimi namjua. Alipokuwa anataka kitu hakusema, alinyamaza tu, na shingo ikawa ndefu. Siku ile shingo ilikuwa ndefu.

Ranjanben, mke wa Ghanshyam, alikuwa amekaa kwenye kiti na birika lake la chai. Walipatana sana na Severa. Akamwita mumewe.

"Mpe Mama Agnesi gari, na yeye ajaribu."

"Huyu? Ataniulia gari."

"Wewe mwenyewe umeliua mara ngapi?"

Wenzake wakacheka. Severa akaingia kwenye gari la Ghanshyam, Morisi dogo, akiwa na kitenge na viatu vya kanisani. Akavivua viatu, akanikabidhi mimi dirishani.

Alikwenda vibaya, sitaficha. Alibana kushoto njia nzima, kama yuko mtaani. Kona ya kwanza akaiingia akiwa ameibana, ikamshinda katikati, pipa likaanguka. Kona ya pili, vilevile. Aliporudi, ubavu wote mweupe.

"Mama Agnesi," Ghanshyam akasema, "mbona unabana pale? Kiwanja chote ni chako!"

"Polisi aliniambia nikae kushoto."

"Polisi hayupo hapa."

"Mungu yupo."

Basi Ghanshyam akaomba uzi kwa mkewe. Akasimamisha chupa tatu za soda chini kwa mpindo, kona kamili. Akauvuta uzi kati yake. Uzi ule ulianzia nje, ukagusa chupa ya ndani, ukatoka tena nje. "Unaona? Uzi unapovutwa unatafuta njia iliyonyooka. Gari nalo ni hivyo. Anza mbali na kona. Gusa ndani. Halafu liache liende nje, usilizuie. Ukilibana, litakushinda."

Severa akachuchumaa. Akauvuta uzi mwenyewe, mara nyingi. Njiani kurudi nyumbani, pale Mtaa wa Msimbazi, nilimwona anaitazama kila kona kwa jicho jingine.

Jumapili iliyofuata tulikuwa pale. Na iliyofuata. Misa kwanza, halafu majivu. Suala la kushoto likaisha. Alikuwa anakwenda mpaka ukingo wa kulia, halafu anarudi ndani kama anakata nguo kwa mkasi. Watu wakaanza kunyamaza akipita. Mimi moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko gari.

Hapo ndipo Ghanshyam akatangaza. Jumatatu ya Pasaka kutakuwa na mashindano, watakuja watu wa mitaa yote. Morisi lake litakimbia, na yeye mgongo unamwuma, hataendesha. Ataendesha mmoja kati ya wawili, Nassibu au Mama Agnesi. Jumapili ya Matawi watapimwa kwa saa. Mwenye haraka zaidi bila chokaa, kiti ni chake.

Nassibu alikuwa dereva wa teksi, mtu wa Gerezani hapohapo, mdomo mwepesi na mguu mzito. Akamgeukia Severa.

"Shemeji, wewe kaa tu na chai. Hii kazi ina kelele."

"Kelele nimezizoea," Severa akasema. "Nimeolewa."

Kiwanja kizima kikacheka. Nassibu naye akacheka, akanipa pole kwa mkono.

Ila kulikuwa na kasoro, na Ghanshyam aliijua. Tarsis alimfundisha Severa kwenye miteremko ya mlimani, na kule madereva wote wa lori wana mazoea ya kubana petroli. Wakiona kona mbele, wanatoa gia, gari linaserereka lenyewe. Wao huita kupiga frii. Severa hakujua njia nyingine. Mkono wake ulikuwa unatoa gia wenyewe, kabla hata hajafikiri.

Na ile kona ya mwisho, tuliyoiita Kona ya Tangi kwa sababu ya tangi la maji la reli lililokuwa karibu, haikutaka hivyo. Ilikuwa ndefu, na mwisho ilijibana. Kila akiifikia, gari frii, linaelea. Nyuma linakwenda kwake, mbele kwake.

"Gia ya pili!" Ghanshyam alikuwa akipiga kelele. "Ingiza ya pili kabla ya kona, siyo ndani ya kona! Gari bila gia halikushiki!"

"Najua!"

"Unajua, halafu unaserereka! Petroli ni yangu, Mama Agnesi, mimi nimesema tumia!"

Alishuka ameukasirikia mkono wake. Aliupiga kofi, mbele yangu.

Nyumbani tukafanya shule. Aliketi juu ya gunia la maharage, mchi wa kinu umesimama kushoto kwake ndiyo gia, tofali chini ndiyo klachi. Mimi nilikuwa nasema "Kona," yeye anakanyaga, mchi unarudi nyuma kwenye ya pili, mguu unaongeza moto kidogo, klachi tena, halafu ndiyo anapinda. Baadaye nikaanza kumvizia. Anasonga ugali, nasema "Kona." Mkono wa kushoto unaruka. Anamsuka Agnesi, "Kona." Mtoto anavutwa nywele, analia. Yuko dukani anampimia mteja, "Kona!" na maharage yanamwagika.

Waridi, jirani yetu, akaniita pembeni.

"Baba Agnesi, mwenzio ana nini? Mguu wake wa kushoto unamruka. Niite mtu?"

"Ana gia," nikamwambia.

"Mungu wangu. Ilianza lini?"

Severa alisikia akiwa ndani. Alicheka mpaka akakaa chini. Nakikumbuka kile kicheko kuliko vitu vyote.

Jumapili ya Matawi tulitoka misa na matawi yetu mkononi, moja kwa moja Gerezani. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, habari zilikuwa zimeshafika sokoni. Wachuuzi wa samaki walipanda kutoka Kivukoni na makapu yao. Mapipa yamepakwa, chokaa inang'aa, bado inachuruzika.

Nassibu akaanza. Alikwenda vizuri, siwezi kumnyima. Alichelewa kushika breki mpaka watu wakaziba macho, akatupa nyuma ya gari kwenye Kona ya Tangi, majivu yakaruka kama moshi, akatoka mzima. Ghanshyam akaitazama saa, akainua nyusi. Gari likazungukwa. Hakuna chokaa. Nassibu akaipiga bodi kofi, akanikonyeza.

Severa akanipa viatu.

Nikavipokea, nikaufunga mlango wake.

Akaondoka. Kona ya kwanza akaanzia mbali, akakata, akatoka. Kimya kabisa, kama ule uzi. Ya pili hivyohivyo. Ile sehemu iliyonyooka akakanyaga mafuta, Morisi likalia, watu wakaanza kupiga makofi kwa kufuatana. Mimi nilikuwa nimekimbilia Kona ya Tangi, nimeng'ang'ania viatu vyake. Nikamwona anakuja. Nikaliona bega lake la kushoto linashuka, mkono uko kwenye gia, nikasema moyoni basi, anatoa.

Injini ikanguruma.

Aliingiza ya pili. Kabla ya kona, palepale panapotakiwa, mlio ukapanda mpaka kifua changu kikatikisika. Gari likakaa chini. Likashika. Akageuza mara moja tu, akapita karibu na pipa la ndani hata nikafumba jicho moja, akaliacha liende nje, nje, mpaka kwenye pipa la mwisho. Pipa lile likatikisika. Akapita.

Hata sasa, gari likishusha gia barabarani, nageuka.

Ghanshyam aliitazama saa, akamwonyesha mkewe, Ranjanben akapiga kelele kwa Kigujarati. Severa alikuwa amemshinda Nassibu kwa kitambo kidogo sana, cha kupepesa jicho.

"Pipa limeguswa!" mtu akasema. "Limetikisika, tumeona wote!"

"Ni upepo wa gari!"

"Upepo gani wa kutikisa pipa?"

Watu wakalizunguka Morisi. Wakainama. Bodi nyeusi tupu, haina kitu. Halafu mtu akanyoosha kidole chini. Tairi la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa na chokaa. Mbichi.

Ghanshyam akavua kofia. Desturi ni desturi. Severa alisimama miguu mitupu juu ya majivu. Shingo ikarudi chini polepole. Niliona kiti kinaondoka.

Nassibu ndiye aliyepiga magoti. Alilitazama tairi lile kwa makini, akalinusa, sijui kwa nini alilinusa. Kisha akainuka akaenda mpaka kwenye pipa lenyewe. Akalizunguka. Akachuchumaa akagusa chini.

"Njooni hapa," akasema. "Pipa lina chokaa yake yote, halina mkwaruzo hata wa kucha. Imechuruzika chini, dimbwi hili hapa, na alama ya tairi ndani yake. Amekanyaga maji ya chokaa. Pipa hakuligusa, ni tupu, limetikiswa na upepo."

"Nassibu, kiti ni chako ukinyamaza," rafiki yake mmoja akamwambia, si kwa sauti ndogo.

"Nikinyamaza nitapita wapi na teksi yangu Kariakoo? Nitakula vitunguu vya nani?" Akamgeukia Severa. "Shemeji, panda. Lakini ukinitia aibu Pasaka, nakutoa dirishani."

Severa akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akainamisha kichwa kama anavyosalimiwa mkubwa kwao.

Jumatatu ya Pasaka Kariakoo ilihamia Gerezani. Waridi alikuja, amejua sasa gia ni nini, akapiga vigelegele kuliko wote. Magari yakaondoka pamoja, majivu yakafunika jua. Mimi na Nassibu tulishikana mabega tukaruka kama watoto. Severa alikuwa wa nne, akawa wa tatu, akawa wa pili. Mbele yake akabaki Ravindra, mpwa wa Ghanshyam, na gari lenye nguvu zaidi. Hakumpata. Alimaliza wa pili, pua ya Morisi karibu iguse lile gari la mbele.

Nilikimbia nikamfungulia mlango. Nilidhani atakuwa na huzuni. Uso wote ulikuwa mweusi wa majivu, meno tu ndiyo meupe.

"Onesphory," akaniambia, pumzi zinamkatika, "umemwona yule Ravindra? Anaogopa Kona ya Tangi. Anashika breki mapema mno. Mwakani nampita palepale."

Mwakani akampita. Palepale.